Kisima Chini ya Magari

Jumanne, 13 Agosti 2024

Barua imekuja. Mgeni rasmi anakuja kuzindua mradi wa maji Alhamisi ya wiki ijayo. Kijijini kwetu! Miaka minne nimekuwa Mtendaji wa kijiji huku upande wa Ringwani, na mgeni mkubwa niliyewahi kumpokea ni bwana mifugo.

Bosi wangu wa wilayani amepiga simu mara nne. Choo cha ofisi kipakwe rangi. Nyasi zifyekwe. Nitafute kikundi cha ngoma. Mara ya nne akashusha sauti, akasema nafasi ya Mtendaji wa Kata iko wazi, na wakubwa wataangalia shughuli hii imeendaje. Nikasema nimeelewa. Nimepeleka kitambaa kwa fundi jioni hii hii.

Pampu bado haijafika. Iko njiani, anasema. Tangi limekaa juu ya mnara wake, bomba limefukiwa, koki inang'aa. Kilichobaki ni maji tu.

Alhamisi, 15 Agosti

Greda limekuja. Tumeomba greda la barabara tangu sijaletwa hapa, leo limekuja kusawazisha pa kuegesha magari ya msafara. Kumi na saba!

Uwanja wenyewe ni ule wa chini ya shule. Na katikati yake kuna kisima cha zamani. Kifupi, kimezungushiwa mawe, ng'ombe wanakivuruga, lakini nusu ya kijiji inakunywa hapo. Kilichimbwa na ukoo wa marehemu mume wa Bibi Ester, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya uzio tu. Dereva wa greda, Mniko, akazima mashine akauliza hiki nacho vipi. Nikampigia Bosi. Akacheka. Maji ya bomba yanakuja, kisima cha nini? Mgeni akanyage tope?

Mniko akasema yeye hachukui neno la kwenye simu. Anataka neno la mwenye kijiji. Nikamtazama Mwenyekiti, mzee Heche. Mzee Heche akatazama mawingu, na mbingu ilikuwa nyeupe pe!

Nikasema, "Funika."

Neno moja tu. Haikuchukua hata nusu saa. Kifusi, halafu greda likapita mara mbili kushindilia.

Bibi Ester alikuja akasimama uzioni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Akauliza kesho watachota wapi. Nikamwambia ni siku saba, bibi, siku saba tu. Alinitazama kama mtu anayenunua mbuzi na hamwamini muuzaji, akarudi ndani.

Jumatatu, 19 Agosti

Jiwe la uzinduzi limeletwa. La pili. La kwanza lina jina la mkubwa mwingine ambaye amepata safari, kwa hiyo likachongwa jingine. Lile la kwanza liko chini ya meza yangu. Marumaru safi, maandishi ya dhahabu. Mchana huu nimekula ugali nimelikanyaga, lina baridi nzuri.

Vimekuja pia: mahema sita, zulia jekundu, viti kutoka Mugumu vilivyovalishwa vitambaa na kufungwa tai mgongoni, fulana zenye picha ya mgeni, spika zenye kimo cha mtu. Pampu haikuja. Sasa imekuwa ya "awamu ya pili".

Nikamuuliza Bosi mgeni atafungua nini basi. Akashusha sauti tena. Halafu akaniambia tangi lina mdomo juu, Mtendaji, na maji hayaulizwi yametoka wapi.

Nilijua anachotaka. Sikujifanya sijui hata kwenye moyo wangu, na hilo ndilo linaloniuma.

Wanawake wanakwenda mtoni sasa. Saa nzima kwenda, kurudi zaidi. Nimepishana nao asubuhi nikainamia simu. Simu yenyewe ilikuwa imezima.

Jumatano, 21 Agosti

Leo nimefanya jambo ambalo mama yangu kule Nyarero akilisikia hatanisalimia.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba kila kaya ilete ndoo mbili za maji kutoka mtoni, yamwagwe kwenye tangi. Watu wakakataa. Kwa adabu, lakini wakakataa. Mgeni ni wa serikali, serikali ilete maji. Saa nne nilikuwa sina hata ndoo moja. Bosi anapiga simu. Mimi natoka jasho.

Nikaita risaga.

Kwetu Tarime iko na huku iko. Mtu ana kazi iliyomshinda, anaita risaga, majirani wanakuja wote na majembe yao. Hukatai. Ukikataa bila ugonjwa, utatozwa mbuzi, na siku yako ukiita utalima peke yako na kivuli chako. Ila lazima kazi iwe ya aliyeita, nyumbani kwake, na yeye apike. Haiitwi kwa ajili ya ofisi. Kila mtoto anajua.

Bibi Ester ndiye aliyeuliza mbele za watu. "Risaga hii ni ya nani?"

Nikasema, "Ni ya kwangu, bibi. Kazi imenishinda."

Basi akanyanyuka akachukua ndoo. Wengine wote wakamfuata! Mtu na binti zake, wajane, mwalimu wa kike na ujauzito wake. Kutwa nzima ile njia ya mtoni ilikuwa mstari wa ndoo. Vijana walipanga ngazi kwenye mnara wakapokezana, ndoo inapanda imejaa, inashuka tupu. Bibi Ester alikwenda mara tatu. Ana miaka sabini na kitu. Niliwapikia makande na uji, wakala, wakanishukuru kwa chakula. Wakanishukuru!

Tangi lilifika karibu nusu. Bosi akasema inatosha kwa picha.

Alhamisi, 22 Agosti

Imekwisha. Nitaandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Mgeni aliambiwa saa tatu, akafika saa saba na nusu. Watoto wa shule walikuwa juani tangu saa mbili, wawili wakaanguka. Magari yakaingia uwanjani, meusi na meupe, yakapangwa vizuri. Moja refu lilisimama juu ya kisima kabisa. Mimi ninapajua mahali, nilipatazama siku nzima.

Meza kuu ilikuwa na maji ya chupa. Katoni na katoni. Uzinduzi wa maji, na chupa zimepangwa kama askari!

Ngoma zilichezwa, viatu vya magogo vya wachezaji vikatimua vumbi. Utepe ukakatwa. Kwanza mkasi ulikataa, ukaletwa mwingine juu ya sinia. Pazia likafunuliwa kwenye jiwe, makofi. Kisha mgeni akafungua koki. Maji yakatoka! Watu wa mahema wakapiga vigelegele. Watu wa kijiji wakapiga makofi ya polepole.

Bango nyuma lilisema mama ametuliwa ndoo kichwani. Kwa hiyo alitakiwa mama. Bosi akanyoosha kidole kwa Bibi Ester, kwa sababu ni mzee na anatoka vizuri pichani. Akasogea na ndoo yake ileile ya buluu yenye ufa mdomoni. Mgeni akamjazia kwa mkono wake, kamera zikafanya kazi. Wakamwekea kipaza sauti aseme la moyoni.

"Nashukuru," akasema. "Haya maji nayajua."

Mgeni akacheka kwa furaha, akamkumbatia. Bosi akacheka. Watu wa mahema wakacheka. Wetu hawakucheka.

Sasa hili. Mgeni alipomaliza alirudi jukwaani kuhutubia na hakufunga koki. Maji yakaendelea kumwagika. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na gauni langu jipya. Nikainua mkono nifunge. Kijana wa itifaki akanikonyeza na kutikisa kichwa: hapana, kilichofunguliwa na mgeni hakifungwi na mtu mwingine hotuba ikiendelea. Nikashusha mkono.

Hotuba ilikuwa dakika arobaini. Yakapita kwenye vumbi, yakafanya kijito, yakaenda chini ya magari. Wanawake wote wa risaga walikaa chini mbele yangu wakiyatazama. Mwalimu mjamzito alifumba macho. Mimi nilishindwa kufunga koki! Mkono huu ninaoandikia. Ningeifunga tu, wangenifanya nini?

Koki ilikauka yenyewe kabla hotuba haijaisha. Ikakoroma, ikanyamaza. Spika zilikuwa kubwa, hakuna wa jukwaani aliyesikia.

Bosi aliponiaga alinishika bega. Kazi nzuri, atanikumbuka. Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante.

Ijumaa, 23 Agosti

Mahema yameng'olewa. Koki kavu. Wanawake mtoni tangu alfajiri.

Sikwenda ofisini. Nilisema naumwa.

Jumapili, 25 Agosti

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu amekuja, tukaumwa.

Kanisani nilikaa benchi la nyuma. Hakuna aliyeninunia, ningependa waninunie. Waliniuliza homa imepungua? Mama mmoja aliniletea dumu la maji nyumbani, eti kwa kuwa naumwa na siwezi kufika mtoni. Nimeliweka pembeni ya mlango. Siwezi kuyanywa na siwezi kuyamwaga.

Jumanne, 27 Agosti

Bibi Ester amekuja kwangu. Amevaa vizuri, kanga mbili, fimbo. Nikamletea kiti. Akauliza habari za mama yangu, za Nyarero, za mahindi. Kisha akasema amekuja kuniita. Anafanya risaga keshokutwa asubuhi. Kazi: kufukua kisima cha ukoo wa mumewe.

Akanieleza bila hasira hata kidogo. Ameita kaya zote, na mimi ni kaya. Uji utakuwepo. Nije na jembe au sururu, maana pameshindiliwa.

Ningependa angenitukana. Nilijaribu kumwomba radhi, nikaishia kusema samahani kwa usumbufu, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake sokoni. Akasema, "Mtendaji, ulikuwa na kazi ikakushinda, tukaja. Na mimi sasa imenishinda."

Nikasema nitakuja.

Jumatano, 28 Agosti

Sijui nani amempelekea Bosi habari. Amepiga simu anafoka. Ugeni mwingine unakuja Jumatatu kuona mradi wa mfano. Mradi wa mfano! Watawakuta watu wanachimba shimo mbele ya jiwe? Gazeti litaandika nini?

Ameagiza niandike tangazo: ni marufuku kuchimba ndani ya eneo la mradi, atakayekaidi atafikishwa mahakamani. Nipige muhuri, nibandike kesho kabla hawajaanza. Mimi na si mwingine. Barua yangu ya Kata iko mezani kwake, amesema, imebaki sahihi tu.

Nilikwenda kwa mzee Heche tuamue pamoja. Amesafiri ghafla kwenda Mugumu, jino. Jino hilo, naona, ni ndugu wa yale mawingu ya siku ya greda.

Nimeandika. Mwandiko mzuri, herufi kubwa. Nimepiga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia. Mtu akifanya jambo la aibu, angalau alifanye ovyo na haraka haraka. Mimi nimechora na mistari kwa rula.

Alhamisi, 29 Agosti

Niko uwanjani. Naandika nimekaa kwenye ukingo wa msingi wa jiwe la uzinduzi, daftari juu ya goti. Nilikuja mapema nibandike. Nilipofika walikuwa wameshafika. Watu sitini, labda zaidi. Nina sururu ya kuazima na nina mkoba. Tangazo limo kwenye mkoba, na gundi.

Walianza bila kunisubiri. Mahali penyewe palipotea, greda lilifuta kila alama. Bibi Ester alisimama kwenye kona ya uzio wake akatembea, anahesabu hatua, akachoma fimbo chini. Wakachimba hapo. Kifusi kigumu, sururu zinaruka. Wamefika kiunoni. Dakika chache zilizopita wametoa jiwe la kwanza la ukuta wa zamani, likapokelewa mikono kwa mikono, mwalimu mjamzito akalifuta kwa kanga yake. Chini yake udongo ni mweusi, una unyevu. Maji bado.

Simu sita sijapokea. Halafu ujumbe: Bosi yuko njiani, anataka akute tangazo limebandikwa na watu wametawanyika. Saa tatu na robo sasa.

Nimelitoa tangazo kwenye mkoba. Sijui kwa nini nimelitoa. Wanaliona. Wanaosoma wamewasomea wasiosoma, kwa sauti ya chini, mpaka muhuri.

Wanachimba kwa zamu, kila kaya, wanashuka wanne wanne. Waliokuwa chini wametoka sasa hivi. Bibi Ester amesema, "Mtendaji, zamu ya kwako." Watatu wameshashuka. Sururu yangu iko pale ukingoni, kuna mtu ameniwekea.

Gari limetokea kwenye mteremko wa shule. Jeupe. Hakuna anayelitazama. Wote wamesimama na majembe yao, wananitazama mimi, na karatasi bado iko mkononi.