Munyu Si Chumvi

Kasongo, shuleni kwa masista,
Jumapili, baada ya misa

Kwa Nkambo wangu, mama ya baba yangu, kule Kabambare,

Je, goti linakuacha ulale? Moshi wa jikoni bado unakutoa machozi? Mimi ni mzima, ninakula, ninasali. Na wewe Baba mdogo, katekista wetu, unayemsomea Nkambo barua hii, nakuomba usiruke neno, hata pale utakapoona aibu kwa ajili yangu.

Nkambo, nimefungua kifurushi.

Ni kile ulichonipa siku niliyopanda lori la pamba, kilichofungwa kwa jani na kamba yenye mafundo matatu. Ulisema, "Hii ni munyu ya ndoa yako. Utaifungua mu nyumba ya mume, utie mu chungu cha kwanza. Mbele ya siku hiyo, mukono wako usiiguse." Nimeigusa. Nisikilize kwanza, kisha utahukumu.

Mwalimu wetu alituambia tuandike juu ya kazi za zamani zinazokwisha vijijini. Jina la atakayeandika vizuri litapelekwa kwa Sista mkubwa, aingie darasa la ualimu. Unajua alivyosema Baba: nisipopata darasa hilo, kiangazi hiki narudi nyumbani na shule imekwisha. Basi niliandika juu yako. Niliandika jinsi tulivyoshuka kinamasini, umande ukinilowesha mpaka kiunoni, jinsi tulivyokata majani marefu, tukayaanika, tukayachoma, ukachuja majivu kwa maji ndani ya kile chungu chenye matundu. Niliandika, "Nkambo wangu anapika munyu."

Mwalimu ametoka mbali, upande wa maziwa makubwa. Alikata neno munyu kwa wino mwekundu, akaandika juu yake chumvi. Kisha pembeni akaandika: "Uongo. Chumvi haipikwi kwa majivu." Unaona, Nkambo? Alibadili neno, na kwa neno lake mimi nikawa mwongo.

Akaniambia nifute mstari ule kufikia Alhamisi, au karatasi yangu haitaenda popote. Wasichana wakaanza kuniita Mama Majivu. Hata rafiki yangu Emerensiana, binti wa mvuvi wa Nyangwe, tunayelala naye vitanda jirani, alinishauri hivyo.

"Futa tu," alisema. "Nkambo wako iko Kabambare. Atasikia?"

"Mimi nitasikia."

"Basi ukasikie nyumbani, ukipalilia pamba."

Siku tatu nilikuwa na kifutio mkononi. Alhamisi asubuhi nilifungua sanduku langu, nikakata mafundo yako kwa meno, yote matatu, nikaweka kifurushi juu ya meza ya Mwalimu.

"Hii ni nini?"

"Munyu, Mwalimu."

Alichukua punje moja ya kijivu, akaiweka ulimini. Uso wake ukakunjana. "Iko uchungu kidogo. Hii si chumvi."

"Ndivyo nilivyoandika, Mwalimu. Si chumvi. Wewe ndiye uliyeandika chumvi."

Darasa lilicheka. Nilidhani atanipiga. Alionja tena, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau. Kisha akasema, "Andika namna inavyopikwa, tangu jani mpaka punje. Nikiona pengo, nafuta yote. Majina yanaondoka wiki mbili kutoka leo."

Nilikaa kuandika kwa furaha, Nkambo, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sijui. Nilifika kwenye maji yanayodondoka kutoka chungu chenye matundu, nikakwama. Unayarudisha juu ya majivu mara ngapi? Unajuaje kwamba sasa yapelekwe motoni? Nilijaribu kukumbuka, na kila mara nasikia sauti yako: "Nenda uchote maji." Na nikirudi, munyu umekwisha kuganda. Mtungi haukuwa mtupu, Nkambo. Leo ndiyo nimeelewa. Ulinituma kwa sababu sijaolewa, na siri hiyo ni ya walioolewa.

Wala sikulaumu. Lakini Baba ameniandikia kwamba bwana wa mashamba amepigilia vijiti kinamasini, watapanda mpunga pale yanapoota majani yetu ya munyu. Shangazi zangu waliolewa, wote wananunua chumvi dukani, na hakuna aliyekuomba umwonyeshe. Mimi ndiye ninayekuomba, kabla ya wakati, na kifurushi nimekwisha kukifungua. Kama ni kosa, ni langu, utaniadhibu nikifika. Ila usinitume maji tena.

Mwambie Baba mdogo maneno yako, ayaandike jinsi unavyoyasema, asiyanyooshe. Dereva wa lori la pamba, anayekuletea barua hii, anarudi Kasongo Jumamosi; ameahidi kunitafuta kwenye geti la masista. Ukikataa, nitumie karatasi tupu, nitaelewa, na nitafunga sanduku langu.

Msalimu Baba, na Mama anayenisukia kikapu. Msalimu mdogo wangu wa kike. Mwambie asikitumie chungu chenye matundu kumwagilia mboga. Baba mdogo, asante kwa macho yako.

Punje zilizobaki nimezifunga tena katika jani lile lile. Mafundo sikuweza kuyafunga kama wewe. Karatasi yangu iko chini ya mto, nimeandika mwanzo na mwisho. Katikati nimeacha mistari minne.

Mjukuu wako anayengoja,
Veronika