Nimepata Nyumba ya Kumleta Shiru

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya yote: niko salama, nakula vizuri, na hakuna mtu amekufa. Nimeanza hivyo kwa sababu nakujua, ukiona bahasha lazima ukae chini kwanza.

Sasa niambie wewe. Goti linasemaje asubuhi za baridi ya huko Dundori? Ng'ombe alizaa salama? Viazi vimetoka shambani, au mvua imewazuia tena kuvuna? Kwenye simu wewe unanijibu kila kitu kwa "tuko sawa tu", nami nimerithi ugonjwa huo huo, kwa hivyo leo tujaribu karatasi.

Barua hii anakuletea Rose, mwenzangu kazini, mzaliwa wa Rongai. Amekuja likizo ya wiki tatu kumwona mama yake, na amekubali kupanda mpaka kwako. Mpe chai, na usimwachilie kabla hujasoma mpaka mwisho, kwa maana kuna kitu nataka anirudishie.

Sikutaka kukuambia haya kwa simu. Kila nikipiga, Shiru huwa mapajani mwako na sikio lake liko pale pale kwa spika. Nilikuwa nimejiapia kwamba binti yangu hatasikia neno "kuja" mpaka liwe na mlango na ufunguo. Sasa ufunguo ninao, uko hapa mezani ninapoandika. Mama, nimepata nyumba.

Hukujua kwamba nyumba ilikuwa shida. Nilikuficha. Tangu nifike Kanada nimekuwa nikilala kwenye chumba cha chini ya ardhi, sisi wanawake watatu tunaofanya kazi katika makao ya wazee. Vitanda vitatu, dirisha moja lililo sawa na nyasi za nje. Ulipokuwa ukiniuliza naona nini dirishani nikakujibu "miti", nilikuwa naona viatu vya watu. Mwenye nyumba ile hakutaka watoto. Na afisa anayeshughulikia fomu za Shiru alinieleza waziwazi: mtoto haletwi kuja kulala katikati ya vitanda vya watu wazima. Alitaka mkataba wa nyumba ulioandikwa jina langu, wenye chumba cha mtoto. Nisipouleta kufikia mwisho wa mwezi, ombi lingefungwa nami nirudi nyuma kabisa ya foleni.

Nilimwacha Shiru akiwa na miaka minne. Sasa ana sita. Nimemwona aking'oka meno kwa kioo cha simu, na sikuwa tayari kumwona akiota mengine hivyo hivyo.

Basi nikaanza kutafuta. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani: barua ya mwajiri, kitambulisho, nakala za kila kitu kwenye faili ya bluu. Lakini hapa kuna jambo moja ambalo sikulijua. Huwezi kupewa nyumba mpaka yule aliyekupangisha zamani aseme wewe ni mpangaji wa namna gani. Wanampigia simu kabisa! Mwenye chumba cha chini ya ardhi alikataa kunisemea, kwa kuwa hakutaka niondoke. Aliyebaki duniani wa kunijua kama mpangaji alikuwa mmoja tu, Mama Nekesa, keyateka, msimamizi wa ile ploti ya vyumba vya kupanga niliyokaa mtaa wa Rhonda, Nakuru, miaka mitatu. Unamkumbuka, yule aliyekuwa anashika funguo zote kwenye kamba shingoni, aliyekuambia siku ile ulipokuja na gunia la viazi, "Mathe, hizo viazi ni za mtu mmoja ama ni za jeshi?"

Nyumba ya kwanza, waliona namba ya Kenya wakasema watanipigia. Hawakupiga. Nyumba ya pili pia ikawa hivyo hivyo. Ya tatu ni ya bibi mmoja anaitwa Doreen, mjane, amepita miaka sabini. Yeye anakaa juu, na nyumba ya chini ndiyo anayopangisha, vyumba viwili vya kulala, na hii ina madirisha ya kweli. Alisoma faili yangu yote bila haraka, kisha akasukuma simu yangu upande wangu wa meza. "Mpigie huyo mama sasa hivi. Weka sauti tusikie sote. Mimi nitauliza, wewe utatafsiri."

Huku ilikuwa saa tatu asubuhi, kwenu jioni. Mama Nekesa alishika simu huku nikisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Wambui! Uko hai? Sisi tulifikiria baridi ilikumaliza."

Nikamweleza upesi kwamba niko na mwenye nyumba, na kwamba anataka kuuliza juu yangu.

"Aulize! Kwani nitaogopa mzungu? Wacha nitoe ugali kwa moto."

Bi Doreen akauliza kama nilikuwa mtulivu. "Huyo? Ukiweka redio kwake inanyamaza yenyewe." Nikatafsiri, Bi Doreen akaandika. Akauliza niliiacha nyumba katika hali gani. "Mwambie niliingia na ufagio nikarudi nao, hakukuwa na kazi." Nikatafsiri.

Ndipo Bi Doreen akauliza, "Alikuwa na wageni wengi?"

Mama, wewe unajua swali hilo linamaanisha nini kwetu. Mtu anayeuliza kama una wageni anauliza kama una watu, kama ukiugua kuna atakayebisha mlango. Mama Nekesa alilipokea kama nafasi ya kunipamba.

"Wageni? Uuui! Mwambie nyumba yako haikosi watu! Watu kumi na tano, ishirini, wengine wanakaa kwa ndoo. Watoto wa ploti nzima wanakula kwake. Mwambie, mtu hana wageni ni wa kuogopwa. Huyo ama ni mwizi, ama ni mchawi."

Akangoja nitafsiri. Bi Doreen naye alikuwa ameinua kalamu, akingoja.

Nataka kukuambia ukweli wa dakika ile, kwa sababu bado inanirudia. Jibu la uwongo lilikuwa tayari mdomoni. "Wachache tu, Jumapili." Maneno matatu, na Mama Nekesa asingejua. Wale watu ishirini walikuwa wa wiki moja tu, wiki ya matanga ya Baba, majirani walipokuwa wakija kila jioni kuomba na mimi kwa sababu sikupewa ruhusa kazini kurudi nyumbani mapema. Akilini nilimwona Shiru akishuka kwenye ndege. Nikamwona pia asishuke. Na nikawaza: nikimwingiza mwanangu kwenye nyumba hii kwa uwongo, kila mtu akibisha mlango nitatetemeka, naye atajifunza kutetemeka kutoka kwangu.

Basi nikatafsiri. Vyote, ishirini na ndoo na watoto, hata mwizi na mchawi. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma hukumu yake. Nilipofika kwenye neno la mtu asiye na wageni nikakumbuka, nikiwa tayari nimelisema, kwamba zulia la mlangoni kwa Bi Doreen lilikuwa jipya kabisa, na kwamba mezani kulikuwa na kikombe kimoja.

Bi Doreen akaweka kalamu chini. Aliniangalia mpaka nikaangalia mikono yangu.

"Amesema nini?" Mama Nekesa akauliza simuni. "Mbona kumenyamaza hivyo? Ni stima imepotea?"

"Muulize," Bi Doreen akasema, "huyu mpangaji wake alikuwa na kasoro gani."

Mama Nekesa hakufikiri hata kidogo. "Kasoro ni moja. Hasemi. Anaweka kitu kwa roho mpaka kinaoza. Siku maji yalimwingilia kwa nyumba alikaa wiki mbili anapangusa, hakuniambia. Mimi ndio niliona matope nikamgombeza kama mtoto wangu. Mwambie akiona huyu amenyamaza sana, abishe mlango."

Hilo nalo nikalitafsiri mpaka mwisho. Bi Doreen akavua miwani.

"Watu wanne wamekuja kuona nyumba hii kabla yako," akasema. "Wote waliniambia hawatakuwa na mgeni hata mmoja. Wote. Wewe umekaa hapo ukijiharibia mwenyewe kwa Kiingereza kizuri." Kisha, "Hao watu ishirini walikuwa wanafanya nini?"

Nikamweleza juu ya Baba. Nilimweleza kwa urefu, Mama, kuliko nilivyowahi kukueleza wewe. Naye akaniambia kwamba mume wake alipozikwa watu walikula sandwichi kwa muda wa saa moja, wakaosha vikombe, wakaenda, na vikombe vile havijatoka kabatini tena.

"Ishirini hapana," akasema alipomaliza. "Ngazi zangu ni mbovu. Wanne kwa wakati mmoja, na wavue viatu. Tuandike hivyo."

Simu ikapiga kelele: "Wambui! Amekubali ama nije mwenyewe?"

Nikamtafsiria Bi Doreen hata hilo. Akacheka mpaka akakohoa, akasema Mama Nekesa akija asihesabiwe kwenye wale wanne.

Nilitia sahihi palepale. Niliporudi barabarani nikaketi kwenye ukuta wa mtu nikalia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikujali nani anapita. Jana afisa alipokea mkataba, na faili ya Shiru imekwenda mbele. Sasa wanachosubiri ni karatasi kutoka huko, ambazo nakuomba kaka yangu Kamau azishughulikie akishuka Nakuru: cheti cha kuzaliwa, kile halisi, si nakala, kitabu cha chanjo cha kliniki, ripoti ya shule, na picha mpya nne, nywele zisifunike masikio. Sahihi ya baba yake ninayo tangu kabla sijaondoka. Koti msimnunulie. Najua mtaona zuri sana kwenye mitumba, lakini baridi ya huku haijui hayo makoti.

Halafu kuna lile ambalo mimi na wewe hatujawahi kulisema. Ukimwachilia Shiru aje kwangu, unaachwa na nyumba tupu. Miaka miwili umemwamsha, umemsuka, umelala naye kitanda kimoja akiwa na homa, na mimi nimekuwa nikikuambia asante kana kwamba umenishikia mkoba. Sijui jinsi ya kukulipa hilo, na sitajifanya najua. Ila nakuomba usinifiche ukilia. Nipigie. Nitapokea hata nikiwa kazini.

Na habari hii mwambie wewe, sio mimi. Wewe ndiye aliyemwambia kila usiku kwamba ipo siku, kwa hivyo ni haki yako kumwona uso wake akisikia.

Msalimie Kamau na mkewe. Msalimie Shangazi Njeri wa mboga, na mwalimu wa Shiru, na ukipita Rhonda, mpe Mama Nekesa kuku, jogoo, si yule mzee.

Sasa kile cha kumpa Rose. Msimamishe Shiru kwenye karatasi asubuhi, kabla hajavaa viatu, uchore miguu yake yote miwili kwa kalamu. Nataka kumnunulia buti za theluji, na kwa simu yeye hunidanganya kwamba ameshakuwa mkubwa. Ukimaliza yake, Mama, chukua karatasi nyingine, uvue soksi, umwambie Shiru achore yako.

Ni mimi, binti yako ambaye leo atalala kwenye chumba chenye miti dirishani,

Wambui