Mtihani wa Shangazi Safia

Kasongo, tarehe 9 mwezi wa tisa, 2024

Mpendwa mdogo wangu Rachida,

Salamu aleikum. Hapo Lubumbashi mko namna gani? Viungo vinauma bado asubuhi? Na ule wekundu wa usoni umepungua? Sisi huku tunakula, tunagombana kidogo, basi ujue tuko wazima. Mama anakusalimia mapema hivi kwa sababu amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Daktari amesema ni lupus, walinzi wa mwili wako wanaushambulia mwili wenyewe. Nawe umeacha vidonge mwezi mzima, eti mwili unaokuchukia hauna haja ya kubembelezwa. Na mawifi zako wanatafuta nani amekuroga.

Nikaenda kwa Gérard, yule mwuguzi, kuazima kitabu chake cha Kifaransa. Akaniuliza, "We fundi wa baiskeli, unatafuta nini humu?" Nikamwambia natafuta mahali pa kutia gundi.

Kitabu kinasema nyuma ya mfupa wa kifua iko tezi ndogo, timusi. Chembe changa za ulinzi hupita humo kama shuleni. Zinaonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe, vya ini, vya ngozi, hata vya viungo vya mbali visivyokanyaga humo kamwe. Chembe inayovirukia kwa hasira haitoki. Nyingine, zenye ukali wa kiasi, hupewa kazi ya kutuliza wenzao.

Nilicheka peke yangu, Rachida. Shangazi Safia alikuwa anayajua hayo bila kitabu!

Unakumbuka ile miaka ya wasiwasi, vijana wa mtaa tulipolinda njia ya Kabambare kwa fimbo? Baada ya sala ya adhuhuri alitupanga uani, akawaigiza ndugu wa mbali mmoja mmoja: mwendo wa bibi Chadia wa kule Wamaza mwenye goti bovu, chafya nne za ami Souleymane kabla ya kupiga hodi. "Huyu ni nani? Wewe, shusha fimbo! Ni mutu wa kwetu, mupumbavu!" Aliyenyanyua fimbo alirudishwa kulima. Jirani yetu Djuma, mwenye hasira nusu, alipewa kazi ya kushika mikono ya wengine. Uani palinuka mihogo iliyoanikwa, nawe ulicheka mpaka ndoo ikamwagika. Tangu shangazi atutoke, pale pameota nyasi. Napita, nangoja chafya, kimya.

Mimi mtihani ule nilifaulu. Halafu asubuhi moja ya ukungu nikampiga mjomba Yakubu, aliyetoka Lusangi na gunia kichwani. Shangazi hakuwahi kuigiza mtu mwenye gunia. Mjomba yule yule aliyenifundisha kuziba pancha! Nilimpiga, na nilikuwa nampenda. Basi usiniambie mwili wako unakuchukia. Mwili umekosea mtu, hiyo tu. Na siku ile hakuna mchawi aliyenisukuma mkono.

Mjomba hakunifukuza. Alijifunga kitambaa kichwani, akamwagiza Djuma akae karibu na mkono wangu, akaja kila asubuhi kuketi mbele yangu. "Nitazame, Iliasi. Tazama tena." Siku kumi hivi. Fimbo sikunyang'anywa, mtaa ulihitaji walinzi.

Vidonge vyako kazi yake ni kama ya Djuma. Vinakuvimbisha uso, najua. Mweleze daktari, yeye ndiye apunguze, si wewe kwa hasira. Na mawifi waambie kaka yako amefanya uchunguzi, mchawi hakupatikana.

Wakusalimia Djuma, mke wangu Faida na watoto, na mjomba Yakubu pamoja na kovu lake, analowaonyesha wageni kabla ya chai. Mola akutie nguvu mwilini na subira moyoni, akuhifadhi mpaka tukuone.

Usinijibu kwanza. Nenda kwa daktari, barua baadaye. Mimi kungoja nimezoea, ila kukuzika wewe sitaki kujifunza.

Wako akupendaye siku zote,
Kaka Iliasi