Jina la Muoki Mtandaoni

Jericho, Nairobi
Alhamisi

Mpendwa Mama Muoki,

Nakusalimu kwa jina la Yesu aliyetufikisha leo. Goti lako la kushoto linaendeleaje tangu baridi ianze? Na mbaazi je, zimekauka au bado mnachuma mbichi? Huku sote tu wazima wa mwili. Eve wangu amepata kazi ya cherehani huko Shauri Moyo, na mlango wa nyumba yenu ya zamani umepakwa rangi ya kijani ambayo ungeicheka. Kinachonuka ni kilicho moyoni mwangu, ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga simu. Kwa simu ningeisikia sauti yako nikameza tena maneno.

Juma lililopita uliniuliza, ukilia, ni nani mwenye roho hiyo aliyempelekea Kasisi ile karatasi. Nikakujibu kwamba Mungu anamjua. Kila nikilikumbuka jibu hilo nataka kutema mate.

Acha nikueleze kwa mpangilio, maana najua umesikia vipande vipande. Ndoa ya Muoki na Sally ilitangazwa Jumapili ya kwanza, ikatangazwa ya pili, tukapiga vigelegele. Kabla ya ile ya tatu, Kasisi akakuta bahasha chini ya mlango wa ofisi. Ndani mlikuwa na karatasi iliyoprintiwa kutoka mtandaoni: Muoki Musau ashtakiwa kwa kufunga ndoa kanisani ilhali ana mke na watoto Pwani. Kando ya maneno, uso wa Muoki wetu, anatabasamu na tai yake ya bluu. Wazee wa kanisa wakaitwa. Mzee Opicho, baba yake Sally, alisema majina hufanana lakini uso ni uso, na binti yake haolewi na mume wa mtu. Akavaa kofia akatoka.

Wee, ungewaona akina mama wenzetu! Wale wale waliokuwa wakishona sare za harusi. Mmoja aliipiga picha karatasi akaitupa kwenye grupu, na kabla chai haijapoa ilikuwa imefika Mathare. Mwingine akasema yeye alijua zamani, kijana mkimya hivyo lazima anaficha kitu. Wa tatu akauliza kama wale watoto wa Pwani ndio watakaobeba maua. Wakacheka, Biblia ziko mapajani. Kisha kila mmoja akatoa simu akaandika jina la mwanao ajionee mwenyewe, na wakanishukuru, kwa kuwa ni mimi niliyewaonyesha jinsi ya kutafuta.

Unajua nilianza masomo ya kompyuta ukumbini, kila Jumanne. Mwalimu wetu ni kijana wa Eastleigh aitwaye Mumin, anatuita mama hata tukikosea mara kumi. Alitueleza kwamba injini ya kutafuta ni kama ile orodha iliyo nyuma ya kitabu cha nyimbo. Ina programu zinazozunguka kurasa za dunia nzima zikiandika neno gani liko wapi. Ukiuliza, inakuonyesha ukurasa. Wimbo wenyewe haiujui, wala haimjui anayeimba. Niliyaandika hayo daftarini kwa kalamu nyekundu, lakini hayakuingia. Mimi niliyeishia darasa la saba nilitoka somo la pili nikijiona profesa.

Somo la tatu lilikuja baada ya bahasha. Siku hiyo Mumin alisema kinachotokea juu kabisa si lazima kiwe kweli, huenda ni tangazo lililolipiwa au ni kitu kinachobonyezwa na wengi. Akasema tusiishie kwenye kichwa cha habari. Tufungue, tuangalie nani kaandika, lini, na nani mwingine asema hivyo. Tena picha ya mtu si kitu cha kuokota njiani na kupeleka utakako. Nikaifungua ile habari kwa mara ya kwanza, nikaisoma hadi mwisho. Kesi ni ya mwaka 2010. Mshtakiwa alikuwa fundi wa mabomba, miaka arobaini na mitatu. Mwaka ule Muoki alikuwa darasa la tano, anakuja kula githeri kwangu ukichelewa kazini.

Umeshanielewa, dada yangu. Bahasha niliiweka mimi. Na hata hilo si baya kuliko yote. Habari ile haina picha. Uso wa Muoki niliutoa mimi kwenye ukurasa wake wa Facebook, siku ya kufuzu kwake, ile aliyoandika chini yake asante mama zangu wawili. Nikamwagiza mtu wa saiba, pale wanapoprinti karatasi, auweke kando ya maneno, nikijiambia namrahisishia Kasisi. Uongo mtupu. Nilitaka wazee waulize ni nani huyu mjuzi, kisha nijitokeze. Watu walipoanza kulia badala ya kunisifu, nikanyamaza na kuwasaidia kulia. Sikuwa na chuki na mwanao hata chembe, na hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi. Mwenye chuki angalau ana sababu.

Jana nilimwambia Kasisi. Jumapili nitasimama mbele ya watu wote niliseme. Kwa Opicho niliachwa nimesimama mlangoni. Alinisomesha ile tarehe mara mbili, akasema atazungumza na Muoki baada ya kunisikia kanisani, si kabla. Sally alinitazama kama kitu kilichokwama kwenye kiatu. Muoki hapokei simu yangu.

Habari yenyewe haifutiki, kwani ni kweli juu ya mtu mwingine. Lakini kwa vile tulibonyeza sana, siku hizi ukianza tu kuandika Muoki Musau, kisanduku cha kutafutia kinamalizia chenyewe: mke wa kwanza. Mumin amenisaidia kutuma malalamiko, hajaahidi kitu. Nimepita nyumba hadi nyumba nikiomba waifute ile picha. Wananiambia wamefuta, nami naiona ingali simuni mwao.

Nakuomba jambo moja tu. Usilitafute jina la mwanao. Najua mkono utakuwasha, mama ni mama. Lakini kila kidole kinachobonyeza kinazidi kulipandisha lile neno, na chako kisiwe kimojawapo.

Barua hii nimempa Ndeti, dereva wa lori, aikabidhi mkononi mwako kabla ya Jumapili. Msamaha sijauomba, sijapata uso wa kuuomba. Wasalimu watoto na shemeji. Bwana awatunze hapo Mbooni, nami anitazame atakavyo.

Ni mimi, niliyekuwa jirani yako,
Annah Ayuma