Jina Lililokosekana Kwenye Karatasi ya Maombi

Sikiliza, Ruxandra: leo kanisani mke wa kasisi ameigeuza mara mbili karatasi yangu ya majina ya kuombewa. Mara mbili! Nikajua anazicheka herufi zangu za darasa la tatu.

Akaninong'oneza, "Domnica, umeandika ukoo mzima, hadi marehemu. Mbona jina lako halimo?"

Nikasema nimesahau.

"Unasahau kila Jumapili, miaka minne?"

Kumbe ananichunguza! Anataka nini kwangu?

Akanipa kalamu. "Wewe pia ni mtoto wa Mungu, bibie. Andika, kasisi anasubiri."

Nikaandika. Kasisi akasoma kwa sauti: Domnica. Nikageuka haraka. Hakuna aliyecheka.

Sikusahau, Ruxandra. Niliogopa Mungu akilisikia jina langu atauliza, huyu naye ni nani?