Mfenesi wa Sefu

Jumapili, Korogwe. Joto zito la kabla ya masika. Wingu limekaa juu ya milima na halitaki kushuka. Vidole vyangu vinanuka mafuta ya taa na bado vinanata kwenye kibodi cha hii intaneti kafe. Ni utomvu wa mfenesi. Aliyewahi kuushika anajua kuwa hautoki kwa sabuni.

Jana nilikuwa Handeni kwa mama. Nilikwenda kung'oa mti.

Wasomaji wangu wa kawaida wasitafute humu ubinafsishaji wala mashamba ya mkonge. Leo naandika juu ya wivu. Wivu wangu mwenyewe. Ndevu zimeanza mvi, nimesoma vitabu vya kujaza chumba, nimegombana kwa kalamu na watu wenye bendera kwenye magari yao, na kumbe nauonea wivu mti.

Mti wenyewe uliletwa na Sefu, mdogo wangu, muda mfupi baada ya arobaini ya baba. Alikuwa anatoka Kwashemshi, kwenye gari ana mche wa mfenesi ndani ya kopo la rangi. Akauchomeka hatua moja tu kutoka ukuta wa chumba cha mama, akanywa chai, akaondoka. Sefu hununua ng'ombe minadani Handeni na kwenda kuwauza Dar es Salaam; tangu siku ile nyumbani hapiti, hupiga simu tu. Soko huria limempa yeye malori. Mimi limenipa cha kuandika.

Mama akaamua kwamba mche ule umeletwa kumliwaza.

Anayeijua Handeni anajua maji pale ni nini. Mama huyafuata bwawani, ndoo kichwani, na umri ule. Lakini maji ya kusuuzia vyombo yalikuwa ya mfenesi. Si ya mchicha, si ya kuku. "Ngoja nimnyweshe mwenzangu," husema. Mwenzangu! Mimi nikimpelekea gazeti lenye makala yangu, hulipokea kwa mikono miwili, huitazama picha yangu, hunisifu nimenenepa, na asubuhi huwashia kuni. Makala ambayo ilinikosesha kazi ya kufundisha iliivisha uji.

Mti ukanywa, ukapita paa. Mizizi ikaingia chini ya msingi. Ufa ukapanda kutoka sakafuni hadi dirishani, na sakafu ikavimba mpaka mama akaweka kigae chini ya mguu mmoja wa kitanda ili kisiyumbe. Fundi wa pale kijijini aliniambia bila kuzunguka: nyumba ya matofali mabichi haiwezi kuvumilia masika nyingine na mti ule. Itamlalia mama yako.

Hiyo ndiyo sababu yangu, na ni ya kweli. Lakini haikuwa peke yake.

Kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama umesimama kwenye ardhi ya mwingine. Ukiazimwa shamba unaambiwa mapema: panda mahindi, panda mihogo, mti usipande. Mti ni madai. Basi mimi, mtoto wa kwanza, kila nikiingia uani nilikuwa nasoma tangazo la kijani: hapa kwa Sefu. Nilikwenda na shoka lililonolewa kuliko ilivyohitajika.

Mama akasimama mbele ya shina.

"Athumani, weka shoka chini. Mwenye mti umemuuliza?"

"Mama, nyumba inaanguka."

"Basi mwambie yeye kwamba inaanguka. Mti wa mtu haung'olewi kama magugu."

Jirani yetu Mhina alikuwa ameegemea ua wake wa miti, anakula muwa, amestarehe. "Mgosi," akaniita, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, "huko magazetini unaiamrisha serikali nzima. Hapa umekwamishwa na mfenesi!"

Nikapanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, maana simu hushika mtandao pale tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja za urithi, hoja za ujenzi, na tusi moja nililolitunza kwa siku maalumu.

Sefu alipokea huku ng'ombe wanalia nyuma yake. "Kaka, shikamoo! Mama hajambo?"

"Marahaba. Nauliza juu ya mti wako."

"Mti gani?"

"Mfenesi. Uliompandia mama."

Akamfokea mtu azuie ng'ombe. Kisha akacheka, cheko lile la mtu asiye na deni moyoni. "Ahaa, ule! Kaka, kumbe ulishika? Ule nilipewa nimpelekee mtu Chalinze. Ukaanza kunyauka garini, nikaona haya kuutupa, nikauchomeka pale ukutani. Ng'oa tu, kaka. Mimi nilishausahau."

Alishausahau.

Nilibaki juu ya kichuguu na simu imeshakatika. Sitaki kudanganya humu: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kutabasamu mbele ya Mhina. Ndoo zote zile, magoti yale ya mama yaliyochoka, kwa ajili ya mche uliokwama njiani kama mzigo usio na mwenyewe. Nilikuwa na sentensi moja mkononi, fupi, ya kweli, isiyohitaji kuongezwa chumvi. Kazi yangu maishani ni kuzitafuta sentensi za namna hiyo na kuzisema mbele za watu. Sijawahi kuimeza hata moja.

Nikashuka. Mama alikuwa ameweka kiganja chake kwenye gome, ananitazama mdomo.

"Amesemaje?"

Nikaanza kusema. Nilianza kabisa. Kisha nikasikia sauti yangu inasema kitu kingine: "Amesikitika, mama. Amesema anajua unavyoupenda. Lakini amesema maisha yako ni bora kuliko mti. Niung'oe taratibu."

Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Nilijua," akasema. "Sefu ana huruma huyo. Wewe ungeung'oa bila hata kuuliza."

Nikachukua jembe.

Nilichimba kuuzunguka, nikakata mizizi ya pembeni kwa shoka, ule mkubwa ulioingia chini ya ukuta nikaukata na kuuacha humo uoze, maana kuuvuta kungevuta na nyumba. Kila pigo lilitoa maziwa meupe. Mhina akaacha muwa akaja kusukuma, akinitania kwamba mikono yangu ni ya kushika kalamu. Mti ulipolala, mama aliusemesha kidogo kwa Kizigua, maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikiliza, akaenda kuleta mafuta ya taa.

Akanikalisha kwenye kigoda na kunisugua mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama nilipokuwa mtoto. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika hivyo. Na muda wote ule alikuwa anamsifu Sefu: anavyompigia simu, anavyokumbuka hata mti. Akaniagiza nimwambie alete mwingine. Safari hii tutaupanda mbali na ukuta.

Nimeandika miaka mingi kwamba ukweli usifichwe kwa kumwonea mtu haya. Jana nimeuficha, na aliyefaidika ni yuleyule. Kama Sefu ana sifa mpya Handeni leo, mwandishi wake ni mimi.

Hilo nalivumilia. Lisilovumilika ni swali lililokuja nami kwenye basi hadi Korogwe na bado limekaa hapa. Ningekuwa mimi niliyeusahau mti, Sefu angenisitiri kwa mama?

Naogopa jibu ni ndiyo. Tena angefanya papo hapo, bila kupigana na nafsi yake juu ya kichuguu, na kesho yake angeamkia mnadani, asimwambie mtu yeyote.