Msipande Kamioneti ya Ramazani

Albertville, Jumanne asubuhi, mwezi wa saba

Mke wangu mpenzi, Mama Anna,

Nakusalimu wewe, na Anna, na yule mdogo ambaye bado sijamwona uso. Namsalimu Mama yangu. Je, kikohozi chake kimepungua? Baridi ya huko Kirungu naikumbuka, hasa mwezi huu. Mimi mwilini ni mzima, moyoni si mzima, na barua hii naomba uisome kwanza peke yako, kabla hujawaita wengine wasikilize.

Msipande kamioneti ya Ramazani. Si wewe, si Mama, si watoto, hata kama mizigo imekwisha kufungwa na Ramazani anapiga honi mlangoni. Teremkeni Moba kwa miguu, mpumzike njiani kila Mama akichoka, na mashua mtaikuta bandarini. Breki za gari lile ni mbovu, na aliyeziharibu ni mimi.

Nikueleze, maana najua utauliza, nawe ukianza kuuliza huachi. Wiki iliyopita Bwana wetu, yule Mgiriki mwenye duka ambaye mimi namfanyia ufundi na Ramazani udereva, alitaka gari hilo lipakiwe kwenye mashua siku ileile, liende Moba, kisha lipande Kirungu kuchukua maharage. Mimi nilikuwa nimefungua gurudumu la nyuma kwa sababu lilikuwa linavuja. Breki za gari hili zinafanya kazi kwa mafuta: dereva akikanyaga, mafuta yanasukumwa ndani ya bomba jembamba mpaka magurudumuni, huko yanasukuma vikombe vidogo vya mpira, navyo vinasukuma breki zibane. Pasipo mafuta unakanyaga hewa tu. Nikabadilisha kikombe kilichochakaa, nikafunga, nikaenda stoo kutafuta mafuta yake. Chupa tupu. Nikamwambia Bwana. Akatazama saa yake.

"Tengeneza vile unajua. Mashua haingoje muntu."

Hapo ndipo akili yangu ilipopotea. Gari lisipoondoka siku ile, lingengoja zamu nyingine, nani ajue lini, na wewe ungeendelea kukaa huko nami hapa, na huu ni mwaka wa pili. Nilikuwa nimekwisha kupatana na Ramazani awachukue wakati wa kurudi. Nyumba niliyopewa na Bwana kambini nimeifagia, hata mikeka nimetandika. Basi nikaona kopo la mawese la mke wa mlinzi liko juani, mafuta mekundu, mepesi kama maji. Nikasema mafuta ni mafuta. Nikatia.

Nililijaribu gari kwenye mteremko wa posta, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa. Lilisimama vizuri kabisa. Nikajisifu, Mama Anna! Nilijiona fundi kuliko mafundi wa Ulaya.

Jana asubuhi upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi. Nikafika kazini, nikafungua lile kopo. Ndani yake nilikuwa nimedumbukiza kile kikombe cha zamani cha mpira kitoke uchafu, nikakisahau. Mawese yalikuwa yameganda. Kikombe nilikichimbua kwa kijiti, na kilikuwa kimevimba, kisingeingia tena mahali pake hata kwa kukisukuma. Kila mwanamke wa Kirungu anajua kwamba asubuhi chupa ya mawese huwekwa kwanza karibu na moto ndipo imiminike. Nimekuona ukifanya hivyo mara ngapi? Nami fundi nimeyapeleka mawese kwenye baridi hiyohiyo, ndani ya breki.

Nilikimbia kwa Papa Kalonda, fundi mzee wa reli. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka spana chini.

"Mwanangu, ulitaka kupikia gari majani ya sombe?"

Wenzake wakacheka. Naye akacheka. Kisha yeye mwenyewe akaacha kucheka, akaniuliza gari liko wapi. Nikamwambia.

"Kupanda, sawa, mulima yenyewe njo inashika gari. Na kushuka?"

Akanieleza kwamba kwenye baridi mawese yataganda, breki zitakwama nusu, zitasugua mpaka zishike moto. Na mpira ukisha kuvimba namna ile, siku moja dereva atakanyaga mpaka chini na gari halitasikia. Kona za kuteremkia Moba unazijua kuliko mimi. Unajua na mabonde yake.

Papa Kalonda amenipa chupa ya mafuta yenyewe na vikombe vipya. Vimo kwenye kifurushi hiki pamoja na barua, na nahodha wa mashua ya leo ameniapia kwamba akifika Moba atampa mtu wa baiskeli aje nacho mbio. Mpe Ramazani. Kwanza aweke mawe magurudumuni. Amwage mawese yote, asiache hata tone, asafishe mabomba kwa lutuku, ile pombe kali ya mahindi, maji yasiguse. Ramazani ni Mwislamu safi, hatainywa, lakini mjomba wako asikae karibu na chupa. Abadilishe vikombe vyote, atie mafuta mapya, mtu mmoja akanyage huku yeye anatoa hewa gurudumu moja moja, mpaka kanyagio liwe gumu mguuni. Na hata akimaliza, hata akiapa, ninyi shukeni kwa miguu.

Usinikasirikie kwa kukuamrisha. Naogopa, mke wangu. Nakaa nahesabu: juzi wamefika Moba, jana wamepanda, leo wanapakia. Na kama maharage yalikuwa tayari kwenye magunia? Siwezi kuliandika hilo. Nimemwomba Mungu maharage yachelewe, mimi ambaye wiki iliyopita nilikuwa naomba yawahi.

Bwana bado hajui. Nikishampa nahodha barua hii nakwenda bironi, ofisini kwake, kumwambia. Huenda akanifukuza, na kazi ikienda, nyumba ya kambini nayo inakwenda. Mkinikuta bandarini nimekaa juu ya sanduku langu, msinicheke. Mje tu, na vumbi lenu miguuni.

Msalimu baba mkwe, katekista wetu, aliyekukataza kuja mpaka nipate nyumba. Mwambie hakukosea kunichunguza. Msalimu shangazi anayemkandia Mama kifua. Anna mpakate kwa niaba yangu.

Ramazani msalimu wa mwisho. Yeye anasoma herufi za Kiarabu tu, hizi zetu hazijui, kwa hiyo msomee wewe, yote, hata hilo la sombe. Akinitukana, mwache anitukane. Ila asije akajilaumu kwamba aliondoka bila kuuliza. Alikuwa na mguu mmoja ndani ya mashua akageuka, akaniita kuuliza habari za breki, "Stani, oili ya freni umetia ile yenyewe? Ni muke wako na batoto nitabeba."

Nikamjibu, "Ile yenyewe, kaka. Nenda."

Ni mimi mume wako,
Stanislas